Neno "ndiyo" na hatari yake kwenye dirisha la dawa

Habari ya mtu aliyepewa dawa isiyo yake husimuliwa karibu kila mara kwa mtindo mmoja. Mfamasia alikuwa mzembe, akachanganya mifuko, mgonjwa akaumia. Ikijulikana kwamba mgonjwa alikuwa mgeni asiyejua lugha ya pale, hakosekani wa kuongeza: "Na yeye si angejifunza lugha?" Lawama zimeshagawanywa, kila mtu kachukua fungu lake, mazungumzo yamekwisha.

Nadhani tunalaumu pasipo penyewe. Mara nyingi dawa ilihesabiwa sawasawa, lebo ikaandikwa sawasawa, na mgonjwa alikuwa makini kuliko wenzake wote kwenye foleni, maana mtu asiyejua lugha hukaza masikio. Kilichoharibika ni yale mazungumzo ya mwisho, sekunde kumi au kumi na tano, baina ya watu wawili waliotenganishwa na kaunta. Hizo sekunde ndizo nataka tuzitazame.

Tuseme mama mmoja ameketi akisubiri dawa yake ya presha. Anaitwa Halima. Linaitwa jina la mwingine, Salima, ila aliyeita analisoma kwa matamshi ya kwao, herufi zinamezwa, na kinachomfikia mama ni "…lima". Anainuka. Mhudumu anamuuliza kwa lugha ya pale, "Wewe ndiye Salima?" Katika sentensi nzima ameshika sauti ya swali na kitu kinachofanana na jina lake. Anaitikia kwa kichwa. "Umewahi kuitumia dawa hii?" Anaitikia tena. "Una swali lolote?" Hapo anatabasamu tu. Anapewa kalamu, anasaini, mfuko uliobanwa kwa pini unahama mkono. Hakuna aliyedanganya hapo. Halima anaondoka na dawa ya kisukari ya Salima, na Salima akija dirishani ataambiwa dawa yake imeshachukuliwa.

Makosa matatu, jina moja

Tunaposema "dawa zimechanganywa" tunafunga pamoja mambo matatu tofauti, na kinachozuia moja hakizuii jingine.

Mfikirie fundi cherehani. Anaweza kukushonea kaptula wakati ulitaka suruali: hilo ni kosa la kuandaa. Anaweza kushona suruali yako vizuri kabisa kisha akampa mteja mwingine: kosa la kukabidhi. Au akakupa suruali yako mwenyewe, ukaenda ukaivaa nyuma mbele kwa sababu hukuelewa alivyokuonyesha: kosa la kuelewa. Kwenye dawa, kosa la kuandaa ni pale kidonge kilichomo kwenye kopo si kile alichoandika daktari. Kosa la kukabidhi ni dawa sahihi, kopo sahihi, mtu siye. Kosa la kuelewa ni dawa yako, mkononi mwako, ukiitumia isivyo.

La kwanza hutokea nyuma ya kaunta, ambako mgonjwa hayupo. Yale mawili mengine hutokea dirishani, na humo ndimo lugha inamoingia. Kosa la kukabidhi lina ubaya wake wa ziada: huumiza wawili kwa mpigo. Mmoja anameza dawa isiyomhusu, na mwenzake anakosa aliyoihitaji. Vidonge vingine vya kisukari vikimezwa na mtu asiye na kisukari vinaweza kumshusha sukari hadi akapoteza fahamu. Juu ya hayo, mtu baki sasa anajua jina lako, daktari wako na ugonjwa wako, kwa kuwa vyote vimeandikwa kwenye mfuko.

Jambo jingine la kuelewana mapema ni hili neno "kizuizi cha lugha". Wengi hufikiri ni yule asiyejua hata salamu. Huyo, ajabu, ana nafuu, maana kila mtu anaona wazi kwamba anahitaji mkalimani. Anayeponyoka ni yule anayejua lugha kiasi: anapanda basi, ananunua vitu, anatania na majirani, anajibu simu. Mfamasia anamsikia akisalimia vizuri, anadhani mambo shwari, anaendelea kwa kasi yake: "Siku ya kwanza mbili, halafu moja kila siku kwa siku nne, usinywe pamoja na dawa za asidi ya tumbo." Lugha ya kununulia vitu si lugha ya dozi. Unaweza kuishi miaka kumi kwa ile ya kwanza bila kuigusa ya pili.

Kwa nini watu huitikia wasichoelewa

Hii sehemu naiona ndiyo kiini, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mtu huitikia kwa sababu kuna watu kumi nyuma yake. Huitikia kwa sababu amesharudia "samahani?" mara mbili na ya tatu inaona aibu kutoka. Huitikia kwa adabu, kwa kuwa aliye mbele yake amevaa koti jeupe na anaonekana ana haraka. Na huitikia kwa matumaini, akijiambia kwamba akifika nyumbani atamwuliza mtoto au ataisoma lebo taratibu. Mimi mwenyewe, ugenini, nimeitikia maneno ambayo hadi leo sijui yalikuwa nini. Si ujinga. Ni njia ya kumaliza jambo bila kumsumbua mtu.

Halafu kuna mtego ambao wasemaji wa Kiswahili tunapaswa kuujua kuliko wengine. Sisi tukiulizwa kwa kukanusha, tunaijibu kauli. "Huna mzio wa penisilini?" Asiye na mzio anajibu, "Ndiyo," yaani ni kweli kama ulivyosema, sina. Mzungumzaji wa Kiingereza akiulizwa hivyo hivyo, asiye na mzio anasema "No", na akisikia "Yes" anaelewa mzio upo, au anabaki ameduwaa. Sasa chukua Mswahili aliyejifunza Kiingereza ukubwani, anatafsiri "ndiyo" yake kuwa "yes" kwa nia safi kabisa. Maneno ni sahihi, sarufi ni sahihi, jibu limepinduka. Na la kinyume lipo pia: mwenye mzio akisema "Hapana", kwetu maana yake hapana, hukusema kweli, ninao.

Kwa hiyo swali lolote linaloweza kujibiwa kwa ndiyo au hapana halifai kwenye dirisha la dawa, hata kama limeulizwa kwa upole na kwa lugha mbili. "Wewe ndiye Salima?" ni swali la aina hiyo. "Umeelewa?" ni baya zaidi, kwa sababu hakuna mtu mzima anayependa kujibu kwamba hakuelewa. Swali linalofaa ni lile linalomlazimu mtu atoe kitu chake: Jina lako nani? Ulizaliwa lini? Dawa hii umeambiwa ni ya nini? Halima angeulizwa jina lake angesema Halima, na hadithi ingeishia hapo.

Jina na tarehe haviaminiki kama tunavyodhani

Kanuni ya kutambua mgonjwa kwa vitu viwili, sio kimoja, si ngeni. Shirika la Afya Duniani liliiweka kati ya mapendekezo yake 9 ya usalama wa mgonjwa mwaka 2007, na viwili vinavyotumika sana ni jina na tarehe ya kuzaliwa. Ni kanuni nzuri. Lakini ilijengwa juu ya dhana kwamba kila mtu ana jina moja lenye tahajia moja, na siku yake ya kuzaliwa inajulikana.

Jina Mohamed pekee linaandikwa Mohammed, Muhammad, Mohamad, na kwenye rekodi za mtu huyo huyo unaweza kukuta mbili kati ya hizo. Kuna jamii zinazotanguliza jina la ukoo, kuna zinazolimalizia, na kuna zisizo na jina la ukoo kabisa bali jina lako, la baba na la babu. Fomu yenye visanduku viwili, "la kwanza" na "la mwisho", humlazimu mtu kuchagua, na leo anaweza asichague alichochagua mwaka jana.

Tarehe nayo ina kituko chake. Wakimbizi wengi na watu waliozaliwa mahali pasipotoa vyeti vya kuzaliwa waliandikishwa kwa tarehe ya kubuni, na iliyozoeleka ni Januari 1. Kwenye kliniki inayohudumia jamii moja ya wahamiaji, watu wawili wanaweza kushiriki jina lote na "siku ya kuzaliwa" ileile. Mhudumu anauliza vitu viwili kama alivyofundishwa, vyote vinalingana, na mtu bado siye. Ongeza kwamba 03/04 kwa mmoja ni tarehe 3 Aprili na kwa mwingine ni Machi 4. Ndiyo sababu kitu cha tatu kinahitajika katika hali hizi: anwani, namba ya simu, au namba ya usajili aliyopewa mgonjwa kwenye kadi. Kadi inamwondolea mtu mzigo wa kutamka. Anaionyesha tu.

Majina ya dawa yenyewe

Wengine huamini kwamba jina la dawa ni lilelile duniani kote, kama jina la sayari. Sivyo. Dawa huwa na jina la kitaalamu, ambalo ni la kemikali inayofanya kazi, na jina la kibiashara alilolipachika mtengenezaji. Shirika la Afya Duniani lilichapisha orodha yake ya kwanza ya majina ya kitaalamu ya kimataifa mwaka 1953 ili kupunguza vurugu hizi, na bado zipo nchi zenye majina yao ya kitaalamu. Paracetamol ni acetaminophen nchini Marekani. Salbutamol ya pumu huko ni albuterol. Mtu aliyehama na kopo lake la paracetamol, akaandikiwa acetaminophen, anaweza kumeza vyote viwili akidhani ni dawa mbili, na dozi kubwa ya dawa hiyo huharibu ini.

Majina ya kibiashara ni hatari zaidi. Mwaka 2006 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kwa wasafiri kwamba jina moja linaweza kubeba dawa tofauti kabisa ng'ambo ya mpaka. Flomax nchini Marekani ni dawa ya tezi dume. Italia jina hilo lilikuwa la dawa ya kupunguza uvimbe na maumivu. Dilacor nchini Marekani ilikuwa dawa ya presha, na Serbia ikawa digoxin ya moyo, dawa ambayo kuzidisha kidogo tu kunadhuru. Mgeni anayetaja jina la dawa ya kwao dirishani, akiwa na uhakika kabisa, anaweza kuwa anaomba kitu kingine.

Hata ndani ya nchi moja majina hugongana. Losec ya vidonda vya tumbo ilichanganywa na Lasix ya kutoa maji mwilini hadi mwaka 1990 ikabadilishwa jina Marekani na kuitwa Prilosec. Mwaka 2016 Brintellix, dawa ya sonona, ilipewa jina jipya, Trintellix, kwa kuwa ilikuwa ikichanganywa na Brilinta inayozuia damu kuganda. Hao waliochanganya walikuwa wataalamu wanaosoma kwa lugha yao. Mgonjwa anayesikia jina hilo mara ya kwanza, limetamkwa haraka nyuma ya kioo, ana nafasi gani ya kujua kwamba si lake?

Kuweza kusema si kuelewa

Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi uliowahusu wagonjwa 395, wote wanaozungumza Kiingereza. Waliwaonyesha lebo inayosema: vidonge viwili kwa mdomo, mara mbili kwa siku. Miongoni mwa wale waliosoma kwa shida, asilimia 71 waliweza kueleza maagizo hayo kwa usahihi. Walipoombwa kuonyesha ni vidonge vingapi wangemeza kwa siku moja, waliofikisha vinne walikuwa asilimia 35 tu. Hapo hakuna mgeni wala mkalimani. Kama mwenye lugha yake anaweza kusoma sentensi nzima na kukosa hesabu yake, mwenye lugha ya kuazima atakuwaje?

Suluhisho linaloonekana jepesi ni kutafsiri lebo, na ni kweli linasaidia, ila tafsiri nayo ni dawa yenye madhara yake. Mfano unaojulikana sana ni neno la Kiingereza "once", yaani mara moja. Herufi hizohizo kwa Kihispania ni kumi na moja. Lebo iliyotafsiriwa nusu, ikaacha neno hilo lilivyo, inaweza kumwambia mgonjwa ameze dawa ya presha mara kumi na moja kwa siku. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu famasi za Bronx, New York, ulikuta karibu nusu ya lebo za Kihispania zilizotolewa na programu za kompyuta zina makosa, pamoja na "boca", mdomo, kuandikwa "poca", kidogo.

Kiswahili kina mitego yake, na huu wa kwanza sijauona ukitajwa vya kutosha: saa. Lebo inasema 10 usiku. Anayetafsiri kwa haraka anasema "saa kumi". Kwetu saa kumi ni jioni jua bado lipo, au ni alfajiri. Dawa ya usingizi iliyokusudiwa saa nne usiku inamezwa saa kumi jioni, mtu yuko njiani anarudi kazini. Chukua dawa ya saa 8 asubuhi na 8 usiku: ikitafsiriwa "saa nane na saa nane", mgonjwa atameza mchana na kuweka kengele imwamshe usiku wa manane. Muda kati ya dozi umebaki saa 12, kwa hiyo kwa dawa nyingine hakuna kitakachoharibika ila usingizi wake. Lakini kama ni insulini inayopimwa na mlo wa asubuhi, hilo ni jambo jingine. Programu za simu hukosea hapo bila kujua zimekosea, maana namba ni namba.

Wa pili ni "kutwa mara tatu". Tumezoea kuisikia hata hatuifikirii. Lakini kutwa ni mchana, tangu kucha hadi kuchwa. Anayeichukua neno kwa neno atameza asubuhi, adhuhuri na magharibi, kisha ataiacha damu bila dawa usiku kucha, wakati antibayotiki fulani inatakiwa kila baada ya saa nane. Na wa tatu ni siku. Kwa hesabu ya kale ya Kiswahili usiku hutangulia mchana wake, hivyo "usiku wa Jumatatu" kwa wazee wengi ni ule unaokuchea Jumatatu. Kwa dawa ya mara moja kwa wiki, kama methotrexate ya baridi yabisi, ambayo kumezwa kila siku kimakosa kumewahi kuua watu, sitaki utata hata wa aina hiyo. Andika: Jumapili, baada ya kula, kabla ya kulala.

Na Kiswahili chenyewe si kimoja. Ukimwambia mkalimani wa Kenya "nina homa" anaweza kufikiria mafua. Mtanzania atashika kipimajoto. Anayetafuta mkalimani wa Kiswahili basi asiridhike na neno "Kiswahili" kwenye orodha. Aulize wa wapi.

Vipimo nitavitaja kwa kifupi tu kwa sababu dawa yake ni rahisi. Kijiko cha chai cha kitabibu ni mililita 5, kikubwa ni 15, na vijiko vya jikoni havifuati sheria yoyote. Neno "kijiko" peke yake linaweza kumpa mtoto dozi mara tatu. Miligramu moja ni mikrogramu 1000. Zipo lugha zinazotumia mkato pale wengine wanapoweka nukta, hivyo 2,5 ni mbili na nusu, na jicho lisilozoea huona 25. Dawa ya maji itolewe na sirinji yake iliyowekwa alama kwa kalamu. Imekwisha.

Mtoto, jirani na simu

Mtu wa kwanza anayeitwa kutafsiri huwa ni mtoto, kwa kuwa shuleni amejifunza lugha haraka. Anaweza, ndiyo, kuagiza vitu dukani. Lakini mtoto wa miaka kumi hajui "figo" kwa lugha yoyote, na hata akijua, kuna mambo mama hatayasema mbele yake: dawa ya uzazi wa mpango, ya virusi, ya sonona. Basi mama ananyamaza, na mtoto anajaza pengo kwa kubahatisha. Nchini Marekani kanuni za mwaka 2016 zilizotokana na sheria ya bima ya afya ziliwakataza watoa huduma wanaopokea fedha za serikali kuu kumtegemea mtoto kama mkalimani, isipokuwa dharura ikiwa hakuna mwingine. Ndugu mzima naye ana tatizo lake: anafupisha. Mfamasia anaongea dakika mbili, yeye anatafsiri, "Anasema unywe asubuhi."

Mkalimani aliyefunzwa, hata wa kwenye simu, hutafsiri yote, pamoja na yale yanayoonekana madogo. Wapo wanaodhani huduma hiyo inachelewesha foleni. Inachelewesha, kwa dakika chache. Programu ya simu inafaa kwa "subiri kidogo" na "daktari wako nani". Kwa dozi, itumike tu pale ambapo hakuna kingine, kwa sentensi fupi moja moja, na jibu litafsiriwe kurudi ili aliyeuliza aone alichosema kimefikaje.

Picha pia zina sifa kubwa kuliko uwezo wake. Jua na mwezi vinaeleweka vizuri. Lakini mfululizo wa picha tatu, mtu mgonjwa, kidonge, mtu mzima wa afya, ukisomwa na aliyezoea kuanza kulia kwenda kushoto unasema kidonge kimemwuguza mtu.

Kufungua mfuko

Kati ya hatua zote, inayonivutia zaidi haihitaji hata lugha. Wataalamu wa usalama wa dawa, wakiwemo wa Institute for Safe Medication Practices ya Marekani, wamekuwa wakishauri mfuko ufunguliwe mbele ya mgonjwa kabla haujatoka kaunta. Kopo linatolewa, lebo inageuzwa imwelekee yeye, kidole kinawekwa juu ya jina, kifuniko kinafunguliwa vidonge vionekane. Asiyejua neno hata moja anaweza kutambua kwamba vidonge vyake vya siku zote ni vidogo vyeupe na hivi ni vikubwa vya njano. Rangi ikibadilika haimaanishi kosa, kwa kuwa dawa ileile kutoka kwa mtengenezaji mwingine huja na umbo jingine. Ni sababu ya kuuliza, na kuuliza kwa kidole na kukunja uso kunatosha.

Baada ya hapo ndipo lije ombi la kurudisha maelezo. Mfamasia hasemi "umeelewa?" Anasema, kwa mkalimani au kwa ishara: nionyeshe kesho asubuhi utafanyaje. Mgonjwa anahesabu vidonge viwili, anavitenga kwenye kiganja, anaonyesha mdomo, halafu anaonyesha madirisha kwa maana ya jua kutua na kuhesabu vingine viwili. Akikosea, aliyeshindwa mtihani ni maelezo, na yanatolewa upya kwa njia nyingine. Inasaidia kusema hivyo waziwazi, kwa sababu watu wazima hawapendi kusailiwa.

Sheria zimeanza kufuata nyuma. California inazitaka famasi kutoa maagizo yaliyotafsiriwa kwa lugha kadhaa pale mgonjwa anapoomba. Jimbo la Oregon lilipitisha sheria mwaka 2019, na orodha ya lugha 14 iliyotokana nayo ina Kiswahili ndani yake, pamoja na Kisomali na Kiamhari. Lebo huandikwa kwa lugha zote mbili, ya mgonjwa na ya pale, na hilo la pili lina maana: wahudumu wa dharura wakimkuta mtu hajitambui, nao lazima waweze kuisoma. Lakini neno muhimu katika sheria za namna hii ni "akiomba". Asiyejua kwamba anaweza kuomba hataomba, na asiyejua lugha ataombaje? Kwenye baadhi ya kaunta kuna karatasi yenye majina ya lugha, kila moja kwa maandishi yake, mgonjwa anaweka kidole kwenye yake. Kama haipo, tamka tu jina la lugha yako: "Swahili." Neno hilo moja, likirudiwa bila kuongeza "yes", linafanya kazi kuliko tabasamu.

Upande wa mgonjwa, kipande cha karatasi kinatosha. Juu yake: jina kama lilivyo kwenye kadi, tarehe ya kuzaliwa na mwezi ukiandikwa kwa herufi, majina ya kitaalamu ya dawa zote unazotumia, kila dawa ni ya ugonjwa gani, na mzio ulio nao. Mwombe mtu anayejua lugha zote mbili akuandikie mara moja, upige picha. Dirishani, usiseme jina. Onyesha.

Na kama umeshafika nyumbani ndipo ukaona jina kwenye kopo si lako? Usimeze, usiimwage, wala usimpe jirani mwenye ugonjwa unaofanana. Irudishe ikiwa na lebo yake au piga simu leo leo, kwa sababu kuna mtu mahali fulani hana dawa yake. Kama umeshameza, piga simu ya dharura au nenda hospitali na kopo lenyewe mkononi, na kumbuka ni vidonge vingapi, saa ngapi. Ukiitaja saa, onyesha kwenye uso wa saa.